Nilimfundisha Mdogo Wangu Kujitukana kwa Kiitaliano

Mdogo wangu wa kike aliitazama simu, akaweka mkono kifuani, akatabasamu, akasema:

"Io sono pigra. Sono sporca. Sono bugiarda."

Maana yake: mimi ni mvivu, ni mchafu, ni mwongo.

Yeye alidhani anasema ni mchapakazi, msafi na mkweli...

Ndivyo alivyofundishwa. Na mwalimu nilikuwa mimi, dada yake wa tumbo moja.

Najua mmeshaanza kunisonya. Sonyeni, lakini someni.

Mimi natandika vitanda hotelini. Wageni wengi ni Waitaliano, na lugha yao nimeiokota humo humo, kati ya shuka na taulo. Kulikuwa na mgeni mmoja tulimwita Mama Miwani. Alikuwa anatafuta mtu wa kwenda kwao kumtunza mama yake mzee. Niliposikia hivyo, nikamganda kama ruba. Chai mimi, mito mimi, mizigo mimi.

Moyoni nikajua hiyo safari ni yangu. Ila kumwambia kwamba naitaka, niliona haya. Nilisubiri anione mwenyewe.

Siku moja gauni lake likachanika. Nikampeleka nyumbani kwa mdogo wangu, fundi cherehani.

Mdogo wangu alishona, akapiga pasi, halafu akaona mama wa watu anachechemea. Akapiga magoti, akamvua kiatu, akautoa msumari uliokuwa unamchoma kisigino. Hakuna lugha waliyoelewana. Walikuwa wanacheka tu.

Tukiwa njiani kurudi, Mama Miwani akaniambia:

"Namtaka huyu mdogo wako."

Nikachekelea, huku roho inaniuma kama kidonda kilichotiwa chumvi.

"Mama yangu hajui lugha nyingine," akasema. "Mfundishe japo maneno ya kujieleza. Nikishafika kwetu nitampigia, nimsikie."

Tukaanza. Na nawaapia, nilianza vizuri. Nilimfundisha bello na bella, yaani mzuri, alto na alta, yaani mrefu. Nikamweleza kwamba mwanamume hodari ni bravo, mwanamke hodari ni brava.

"Aa, kumbe ni kama sisi tu," akasema huku mguu uko kwenye pedali. "Mtu mzuri, kiti kizuri. Sifa inamfuata mwenyewe."

Alikuwa anashika haraka. Haraka kuliko mimi nilivyoshika. Hapo ndipo shetani aliponikalia begani.

"Dada, mchapakazi wanasemaje?"

"Pigra."

"Na msafi?"

"Sporca."

"Mkweli je?"

Nafasi ya kuacha ilikuwepo, jamani.

"Bugiarda," nikasema.

Akayarudia kutwa nzima, akiyaimba na cherehani. Kisha akaichukua sare yangu ya kazi iliyokuwa inanipwaya, akaipunguza kiunoni.

"Ada ya mwalimu hiyo," akaniambia.

Nikaivaa. Ilinikaa vizuri mno, na ilinibana mahali ambapo fundi hafiki.

Basi, ndipo tukafika kwenye ile simu.

Mama Miwani akauliza, nami nikatafsiri: nani kakufundisha?

Mdogo wangu akanivuta, akanishika bega ili nionekane kwenye kioo.

"Mia sorella," akasema kwa fahari. Dada yangu.

Kisha akaona haitoshi, akaniongezea sifa:

"Mia sorella è bugiarda."

Dada yangu ni mwongo.

Alikuwa ananisifu, jamani. Alitaka yule mama ajue kwamba mimi ni mkweli...

Mama Miwani akanikazia macho.

"Anajua alichosema?"

"Hajui."

"Basi mwambie. Sasa hivi, kwa lugha yenu, nami nikiwa hapa."

Nikamwambia. Neno kwa neno. Mkono wake ukashuka polepole kutoka begani kwangu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

"Mwambie kazi bado ni yake," Mama Miwani akasema. "Msumari alinitoa bila kuongea. Maneno atafundishwa na mama yangu."

Mpaka anaondoka, mdogo wangu hakunigombeza. Alinipakulia chakula kama kawaida. Heri angenitukana.

Asubuhi ya safari nikashindwa kuvumilia.

"Mbona hunisemi?"

Akafunga zipu ya begi, akakaa juu yake.

"Dada, ungeniambia tu unaitaka hiyo kazi. Ningemwomba akuchukue wewe. Mimi hata ndege naiogopa."

Nikambebea begi mpaka garini.

Ndugu zangu, kama kuna kitu unakitamani, kiseme. Haya ya dakika moja ina nafuu. Kijicho ukikinyamazia, kitatafuta njia yake ya kusema, na kitasema kupitia kwa mtu asiye na kosa.

Siku hizi Kiitaliano chake kimenipita. Akipiga simu, bado ananianza kwa heshima zote:

"Shikamoo, dada."

Na mimi, kila mara, naona haya kuitikia ile marahaba.