Nakala ya Kwanza ya Lorne

Haya yalimpata rafiki yangu Lorne, wa mji wa Duluth huko Marekani, mtu aliyezeekea kwenye kurekodi bendi za baa. Kabla muziki haujaanza, yeye hutamka kwenye maikrofoni tarehe, mahali na idadi ya watu waliopo. Warekodi wenzake wote hufanya hivyo.

Mchana huo alikuwa hoi. Ilikuwa siku ya tatu anageuza mafaili makubwa ya rekodi zake za zamani yawe madogo, ili dada yake ayasikilize garini.

"Marcy, nikiyabana hivi kuna sauti zinapotea," alilalamika kwenye simu.

"Sauti zipi, kaka? Hizo ambazo masikio yako yalishaacha kuzisikia?"

Alicheka kwa uchovu, akakata simu, akaijaribu nakala ya kwanza. Faili la asili lilianza na sauti yake ya ujanani: baa fulani, mwaka 1994, watu arobaini. Nakala nayo ilianza na sauti yake, ila nzito, iliyochoka kama yeye. Ikataja tarehe ya siku hiyo hiyo. Ikataja nyumba yake, anamoishi peke yake na ambamo hajawahi kurekodi chochote. Ndani ya nakala, kiti alichokalia kikasikika kikilia.

"Watu waliopo," ikamalizia, "wawili."