Paipu Iliyozama Ukutani

Bomba la bafuni lilitoa maji membamba kama uzi, lakini ndani ya ukuta yalisikika yakimiminika kwa wingi, kana kwamba mtu anajaza ndoo.

Mama wa nyumba hakuwa na muda wa miujiza. Alikuwa na mtoto wa wiki sita na rundo la nepi. Akamwita fundi bomba, aliyepanda kwenye tangi juu ya paa na kushuka na vumbi na majibu. Tangi limejaa pomoni, alisema; mwizi ni paipu ya pili, inayochepuka chini ya tangi na kuzama ukutani bila kufika popote. Mama mkwe akasema paipu hiyo aliiweka marehemu mumewe, na isiguswe. Kuna aliyekuwa akiishi hapa kabla yao.

"Mama, hatuna wapangaji ndani ya kuta," mke wa mwanawe alimjibu, na fundi akacheka, akapanda tena kuipiga paipu kizibo.

Maji yakaja kwa kasi ya kuumiza kiganja. Siku mbili watu walioga kifahari.

Siku ya tatu, mchana kweupe, mama alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni. Bomba likakohoa. Maji yakakatika. Ikaja harufu ya nywele mbichi zilizofungiwa muda mrefu, kisha bomba likaanza kuvuta, polepole kwanza, maji ya beseni yakasimama kama kamba na kupanda kuingia mdomoni mwa bomba, na beseni lilipokauka bomba likaendelea kuvuta, vinywele vya mtoto vikasimama, kichwa kikaelekea juu, na mama, aliyemshika kwa mikono miwili, akahisi upande wa pili kuna mikono pia.

Mama mkwe alisimama mlangoni.

"Usishindane naye, mwanangu. Mshike tu," alinong'ona. "Ana kiu tangu juzi."

Na bibi yule, ambaye magoti yake hayakuwa yamepanda ngazi kwa miaka, alipanda hadi paani na spana. Kizibo kilipotoka, ukuta ulimeza, ukameza, ukameza. Bomba likamwachia mtoto.

Siku hizi maji ni uzi, na hakuna anayelalamika. Mtoto ana afya, analala vizuri. Ila kila ukuta unapomeza, naye humeza, na kinywani mwake hamna kitu.