Kiti ya Kanyere

Asubui Mariette akipanguza, alikuta kiti moja ya muti iko na moto, kama vile mutu ametoka kuinuka. Na mulango ya musée ni yeye alitoka kufungua!

Ile musée ya Butembo ni kubwa: mikeka, byungu, bitunga, byote mu vitre ya kiyoo na mwangaza, na biti bya bankambo pembeni, wazi. Jana yake mimba ilimuchokesha, akakala ku ile kiti kidogo.

Ile kiti ilikuwa ya Kanyere. Kanyere na Kavira balikuwa bibi babili ba bwana moja. Mutoto wa Kavira alikufa na homa. Kavira akasema Kanyere njo alimuroga. Bakamufukuza na mimba yake, hata kiti yake bakamunyima, akafia njiani ya kwabo Kalunguta. Kavira akazeeka, saa ya kufa akasema: «Nilisema bongo. Kanyere hakuroga mutu.» Familia ikafunga kinywa. Na Mariette, mujukuu wa Kavira, akapeleka biti byote bibili, ya Kavira na ya Kanyere, pa musée juu apate kazi, bakaandika: «Biti bya Kavira.»

«Directeur, kuko mutu ku ile kiti,» Mariette akasema.

Gérard akacheka. «Kama ni muzimu, alipe tiketi.»

Muchana, courant ya umeme ikakatika, Mariette akasikia kiti inakokotwa chini kwenye sima, polepole, inakuja, na harufu ya maziwa ya mama yenye kuchacha ikamujaa mu pua, mu koo, mpaka mutoto akageuka tumboni, na sauti ikasema karibu na sikio: «Ulikala pangu. Na miye nitakala pako.»

Mariette na mama yake bakaenda kwa Mama Kasonia wa chumba ya maombi, naye akasema: «Murudishe kiti kwabo Kanyere, Kalunguta. Museme mbele yabo Kavira alidanganya.»

«Miye Hadassa nikatukanishe mama yangu Kavira kule?» mama ya Mariette akakataa. «Hapana! Tutaomba tu.»

«Na mutoto wangu, mama?»

«Mutoto ni wa Yesu.»

Bakapakaa kiti mafuta, bakaimba. Siku ileile kiti ikapoa. Hadassa akatamba mutaa muzima.

Mariette akazaa binti. Kwetu jina haichaguliwe, inafuata vile mutoto amefuatana na ndugu zake. Infirmière wa kuzalisha akauliza jina. Hadassa akahesabu batoto ba Mariette na bidole, bidole bikasimama.

«Sema, mama,» Mariette akanong'ona. «Zamu ni ya nani?»

«Kanyere.»

Mutoto hakulia. Alifungua macho, akamuangalia Hadassa vile mutu anaangaliaka mwenye alimufukuza. Na maziwa ya Mariette, hata bado kunyonyesha, ikaanza kunuka kuchacha.

Njo Hadassa alielewa juu ya nini ile kiti ilipoa.