Yeyote, Kutoka Popote

Mtandao ulikatika saa nne asubuhi, na hakuna aliyeshangaa, maana Profesa alikuwa ameingia kazini. Kilichowashangaza wafanyakazi wa kampuni moja ya kusafirisha vifurushi ni simu za mezani. Zilitegemea mtandao huohuo uliokufa, lakini zilianza kulia moja baada ya nyingine, kuanzia ya mlangoni kuja ndani, kana kwamba mtu anapita akizigusa.

Profesa hakuwahi kumfundisha mtu chochote. Jina alijipa mwenyewe. Alikuwa fundi wa mitandao, na asubuhi hiyo, foleni ya wateja ikiwa imefika barazani, aliamua kubadilisha mipangilio ya ukuta wa mtandao, yaani kile kisanduku kinachoamua nani aingie na nani arudi alikotoka. Nakala ya mipangilio ya zamani hakuiweka. Nakala ni za waoga, alisema. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Kaka, hii simu inapumua," dada wa mapokezi alimnong'oneza. "Halafu inapiga hodi. Sikiliza."

"Mwangwi tu huo," alijibu bila kusikiliza.

"Mwangwi wa nani? Humu hakuna aliyepiga hodi."

Fundi mwenye akili angezipima sheria za ukuta moja moja. Huyu alizifuta zote, akaandika moja: yeyote, kutoka popote, kwenda popote, aruhusiwe. Simu zikanyamaza papo hapo. Mtandao ukarudi, wateja wakapiga makofi, na bwege akainamisha kichwa kama bwana harusi. Aliyekuwa akipiga hodi alikuwa ameshakaribishwa.

Kwanza ilikuja harufu, ya udi na nywele zilizoungua, kutoka chumba cha mitambo. Kisha simu ya Profesa ikaita. Alikuwa mkewe. Nyumba yao ilikuwa imeunganishwa na mtandao wa ofisi, ili bwana mkubwa afanye kazi akiwa na ndala miguuni.

"Mume wangu," alisema kwa sauti ya chini sana, "wewe uko ofisini, au uko chumbani kwa mtoto?"

"Ofisini. Kwa nini?"

"Ile spika uliyoifunga juu ya kitanda chake inaongea kwa sauti yako. Inamwambia afumbe macho aifuate. Na ile kufuli yako ya umeme imegoma, mlango haufunguki. Fanya kitu, mwanangu yuko humo!"

"Chomoa waya!" dada wa mapokezi alisihi. "Zima kila kitu!"

Lakini foleni ilikuwa ikimtazama, na Profesa, ambaye harufu ile ilikuwa imeshamjaa kooni na ambaye masikioni alimsikia mkewe akiupiga mlango kwa bega huku sauti yake mwenyewe, tulivu na yenye upendo ambao hajawahi kuutumia nyumbani kwake, ikimbembeleza mtoto nyuma ya mlango huo, aliona aibu kuzima mtandao mbele ya watu waliotoka kumpigia makofi. Aliona aibu! Akaandika sheria mpya: yeyote, kutoka popote, azuiwe.

"Nimefunga," alisema, akijifuta jasho. "Haingii kitu tena."

Jambo ambalo kila mwanafunzi wa kazi hiyo huambiwa mapema, yeye hakuwa amelisikiliza. Sheria mpya humhoji anayekuja. Aliyekwisha kuingia haulizwi kitu mpaka waya ukatwe.

"Mlango umefunguka," mkewe alinong'ona. "Mtoto ametoka mwenyewe. Ila hataki kufumbua macho."

"Mpe simu."

Profesa alisikia pumzi, ndefu kuliko ya mtoto, na nyuma yake sauti ndogo ya bintiye.

"Baba, huyu baba mwingine anasema ahsante kwa kufunga. Alikuwa anaogopa kutolewa."