Marahaba ya Mzee Mbonea

Mashine ilipowashwa, watu waliinuka kutoka kwenye matuta. Yalianza mabuti ya mpira, zikafuata aproni, kisha mikono iliyoshika makasi ya kukatia maua. Walikuwa mwanga mtupu, hawana kivuli, lakini ukimsogelea mmoja unaliona jasho shingoni mwake.

Mashine hiyo iliitwa mfufuasura. Akili unde humeza picha za zamani, video na taarifa za ofisini, kisha mitambo midogo iliyofichwa darini husuka mwanga hewani mpaka marehemu asimame mbele yako akusimulie hadithi. Watu hao wa mwanga huitwa sanamu-nuru. Aliyewaunda ni Mhandisi Kirangi, na leo, siku moja kabla ya waziri kuja kufungua makumbusho, alikuwa amemleta mama yake.

Bi Nakijwa alikuwa ametoka Same kwa treni ya umeme kumtembelea mwanawe na mjukuu. Wageni wa Arusha hupelekwa kreta kuona wanyama, na mlimani. Yeye alikataa.

"Tembo nawajua tangu wakinilia mahindi," alisema. "Nipelekeni pasipo na foleni."

Basi wiki nzima walizunguka sehemu ambazo hata wenyeji huzipita tu: ziwa Duluti asubuhi na mapema, boma bovu lililoota mibono, kimsitu cha nyani nyuma ya soko. Mwisho ikawa hapa Usa River, kwenye Bustani ya Mabanda, shamba la waridi lililofungwa zamani na sasa kugeuzwa makumbusho. Humu ndimo baba yake Nakijwa, Mbonea, alimopuliza dawa ya wadudu mpaka mapafu yakagoma. Alipozikwa, binti yake alikuwa darasa la pili. Sura yake anayo kwenye picha. Sauti hakuikumbuka, na sauti ndiyo iliyompandisha treni.

"Kweli atasema?"

"Atasema, mama. Sauti tumeipata kwenye video ya sherehe ya kampuni. Aliimba kidogo."

Namkunda, binti wa Kirangi, alikuwa ametangulia mbio. Mwanamke wa mwanga mwenye kilemba, mzee wa kutosha kuwa bibi yake, akamwinamia.

"Shikamoo."

Mtoto akacheka. "Bibi! Huyu bibi ananiamkia mimi!"

"Mwitikie, ndipo aanze," Kirangi alisema.

"Marahaba!"

"Kazi ilikuwa nzuri," mwanamke akasema. "Tulipewa chai na maandazi. Tulikuwa familia moja."

Nakijwa aliongeza mwendo mpaka banda la tano, alikofanyia kazi baba yake.

Mbonea alisimama pale na pampu mgongoni, kijana kuliko mjukuu wake Kirangi. Alivua kofia, akainamisha kichwa mbele ya binti yake.

"Shikamoo."

"Itikia, mama. Sema marahaba, aendelee."

"Nimwambie marahaba nani? Baba yangu?"

"Ni mashine, mama."

"Kama ni mashine, mimi nimefuata nini huku?" Alimgeukia mwanawe. "Nani kaifundisha adabu hii?"

Kirangi alieleza polepole, kama afanyavyo kwa wafadhili. Akili unde hujifunza kutokana na kilichopo. Na kilichopo ni video za meneja. Katika kila video, mfanyakazi anamwamkia aliye mbele yake, awe kijana, awe mzee.

"Na kamera alishika nani?"

Aliyeshika kamera ni kijana wa ofisini aliyeamkiwa na watu wa rika la baba yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuwafukuza. Mashine ikadhani ndivyo watu wale walivyozaliwa. Tusiilaumu mashine. Nchi nzima tumesomeshwa hivyo hivyo, na tukafaulu mitihani.

"Na hizo chai na maandazi?"

"Taarifa za mwaka za kampuni."

"Baba alikohoa damu kwenye kopo la mafuta. Mimi ndiye niliyelimwaga. Hiyo iko wapi?"

"Haikuandikwa, mama."

Nakijwa akamgeukia baba yake, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Shikamoo," sanamu ikajibu.

"Shikamoo, baba."

"Shikamoo."

Wakawa kama watu wawili wanaotangulizana mlangoni, hakuna anayepita. Kirangi akashindwa kutazama. Akafungua kibao cha mkononi, akaamuru taarifa za kampuni zifutwe pamoja na video za meneja, zibaki sura na sauti tu. Mashine ikauliza: *Sanamu hazitakuwa na la kusimulia. Niendelee?*

"Mama, nikifuta hii hutamsikia akiongea. Atabaki na neno moja tu, nitakaloliweka mimi."

"Neno gani?"

"Mtu mzima akiamkiwa, huitikia. Hilo halihitaji ushahidi."

"Na kazi yako je?"

"Waziri atawakuta mabubu. Watanifukuza."

Nakijwa alimtazama baba yake. Angeweza kusikiliza sauti ile mpaka jioni, ikisifu maandazi.

"Uongo wenye sauti tamu hata redioni upo," alisema. "Futa."

Kirangi akabonyeza kibao, na Mbonea akavaa kofia yake. Akanyooka, na wote pale bandani wakanyooka. Ndipo ilipoonekana kwamba alikuwa mtu mrefu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Sauti nzito, yenye mkwaruzo, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Nakijwa alingoja. Hakikufuata kitu.

"Basi?" Namkunda akauliza.

"Basi, mwanangu," Kirangi alisema. "Mengine wenye kampuni hawakuyaweka."

Alikuwa amewarekebisha sanamu-nuru hao pua na jasho kwa miaka, wala hakuwahi kumwamkia hata mmoja. Akaanza na wa karibu, mzee mwenye ndoo. Akaenda kwa wa pili, wa tatu, akishuka na safu. Simu kutoka kwa mkurugenzi wa makumbusho ikaanza kuita mfukoni mwake. Akaiacha iite, kwa kuwa watu walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa akingoja salamu yake.