Jina Kwenye Kadi ya Kijani

Harufu ilianzia kwenye karatasi. Farzeen, binti aliyeletwa karakana ya ndege hapa Karachi kuchambua rekodi za matengenezo, alikuta malalamiko kumi na moja ya hewa ya ndani ya ndege: inanuka waridi na nywele zilizoungua. Ndege tofauti, mafundi tofauti, jibu lile lile: tumepima, hatukuona kosa. Ila valvu ya kupitishia hewa ilikuwa moja, ikihamishwa ndege hadi ndege. Akaifungia kadi nyekundu, isitumike tena.

Fundi Nazakat aliumia. Miaka ishirini na mbili ya kazi, na sasa kiti cha mkuu wa kitengo kinanukia kwa mtoto wa juzi! Wivu ukamshika. Wenzake walipokwenda kuswali adhuhuri, aliipima valvu, akaiona nzima, akaifungia kadi ya kijani ya kuruhusu itumike, yenye jina lake na muhuri wake, akairudisha kwenye ndege.

Mwezi mzima ndege ikaruka bila lalamiko. Hesabu za Farzeen zikachekwa, Nazakat akapewa kiti.

Lakini nyumbani Tehmina, mkewe, akaanza kunusa mashati. "Huyo mwanamke wako anajipaka marashi mengi," alisema kwa sauti ya chini. Nazakat aliapa hana mtu, na kweli hakuwa naye, ila asubuhi moja Tehmina aliamka akipiga kelele, msuko wake umeungua hadi shingoni, mto ukinuka waridi, na kitandani upande wa Nazakat pamebonyea mahali pa mtu wa tatu.

Shehe aliyeitwa hata hakuketi. "Jina lako umelifunga wapi kwa mkono wako?" aliuliza. "Huyu jini hakukufuata. Ulijiposa kwake mwenyewe."

Nazakat alikimbia hadi ofisi ya rekodi. Kadi ile ilikuwa ndani ya jalada, kama kadi zote za valvu zilizokwisha rudishwa kwenye ndege. Akamsimulia Farzeen yote, hata wivu wake, akamsihi aichane.

"Rekodi haichanwi, Ustadh," Farzeen alisema kwa upole. "Siku yangu ya kwanza ulinifundisha wewe."

Nazakat akamshika mkono, akilia. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa tangu asubuhi, lakini hewa ya baridi ikashuka juu yao taratibu, tamu, yenye waridi, na Farzeen akainusa, akageuza kichwa kutazama ncha ya msuko wake, ambako moshi mwembamba ulikuwa umeanza kupanda.

"Mwachie mkono," ilisema sauti ya kike sikioni mwa Nazakat.