Pesa za Chenda Zilizorudi Ujerumani

Fundi Velappan wa Thrissur, kusini mwa India, akipiga chenda, ngoma yake, vijiji vitatu husikia. Jumatatu ile hakupiga hata mara moja. Alikaa juu ya gogo la mfenesi, simu mkononi.

"Pesa zimerudi Ujerumani!" alimwambia mkewe, Thankamani. "Wamalayali wenzetu wa kule wanataka ngoma tatu za sikukuu yetu ya Onam. Wanasema malipo yasipoingia kufikia Ijumaa, watanunua kwa fundi mwingine."

"Na ngozi umeshanunua," alisema Thankamani. "Tuzipike mchuzi?"

Jirani yao Rosamma, karani mstaafu wa benki, alichungulia juu ya ua. "Kaka, uliwapa msimbo gani?"

"Huu wa kwenye kitabu cha benki. Mwanangu akiwa mjini Kochi hunitumia kwa huu huu, na haujanitupa."

Rosamma akacheka. "Huo ni IFSC, kazi yake inaishia mpakani. Pesa za ng'ambo zinataka msimbo wa SWIFT."

"Kwani huo una mabawa?"

"Una anwani. Herufi nne za kwanza ni benki yako. Mbili zinazofuata ni nchi. Yetu ni IN. Mbili tena ni mahali. Jumla nane. Ukiona kumi na moja, tatu za mwisho ni tawi."

Velappan akahesabu kwa kidole. "Mbona huu wangu nao una kumi na moja?"

"Urefu mmoja si undugu, kaka."

"Basi nitautafuta mtandaoni."

"Thubutu! Tawi letu dogo halina msimbo wake. Nenda ukawaulize wanatumia upi."

Velappan alivaa shati, ambalo huvaa kwa harusi na benki tu, akaenda. Karani akamwandikia msimbo kwenye karatasi. Nyumbani, Rosamma aliukagua herufi kwa herufi. Wakautuma Ujerumani pamoja na namba ya akaunti, na jina la Velappan kama lilivyo kwenye kitabu.

Kisha Velappan akachukua chaki, akaandika kwenye ukuta wa karakana: IFSC, India. SWIFT, ng'ambo.

Alhamisi mchana simu ililia. Velappan alisoma ujumbe mara mbili. Alichukua fimbo zake, akapiga chenda mpaka kunguru wakahama mnazi.

"Zimeingia?" Rosamma alipaza sauti.

"Umejuaje, dada?"

"Hata Ujerumani wamejua!"